Ubao, Mwanya na Upenu: Uso wa Mbao katika Nyumba za Nakuru na Naivasha

Uso wa nyumba, kwa maana inayotumika katika usanifu majengo, ni ule upande wa jengo unaotazamana na njia, bustani au ziwa, na ambao humpokea mgeni kabla ya mwenyeji wake. Katika Kaunti ya Nakuru, kuanzia viunga vya jiji la Nakuru chini ya kreta ya Menengai hadi kingo za Ziwa Naivasha, uso huo kwa kawaida hujengwa kwa mawe ya volkeno yaliyochongwa kwa mashine, kisha hupigwa lipu na kupakwa rangi. Lakini ziko nyumba za kisasa ambazo wenyewe wamechagua kuuvika mbao, kwa nia kwamba jengo lisigombane na miti, majabali na nyasi zinazolizunguka. Vazi la mbao, yaani tabaka la mbao ambalo halibebi uzito wa paa wala wa ghorofa bali huufunika ukuta unaobeba, huchukuliwa na wengi kuwa urembo tu, jambo la kuamuliwa mwishoni wakati fundi wa mawe ameshafunga vifaa vyake. Uchambuzi huu unashikilia kinyume chake: mahali ambapo vazi hilo limefaulu, karibu kila kinachoonekana kuwa pambo kilianza kikiwa jibu la swali la maji, la jua au la mchwa, na mahali liliposhindwa, pambo lilitangulia swali.

Mfano unaojulikana zaidi katika eneo hili ni mnara wa Dodo's Tower, uliojengwa katika miaka ya 1990 kwenye ardhi ya Hippo Point, ile rasi nyembamba inayotenganisha Ziwa Naivasha na Ziwa Oloidien. Jengo hilo lina ghorofa 8, urefu wake ni takriban mita 35, na umbo lake, lenye mapaa yanayopandana kama mahekalu ya Asia ya Mashariki, limevikwa mbao za saipresi, mti ambao asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati lakini ambao umekuwa mti mkuu wa mashamba ya misitu ya Kenya kwa takriban karne nzima. Wageni na waandishi wa safari wamezoea kusema kwamba mnara huo unapotea miongoni mwa migunga ya Naivasha, ile miti mirefu yenye gome la manjano-kijani inayopenda maji ya chini ya ardhi. Dai hilo lina chumvi. Mgunga wa aina hiyo kwa kawaida hufikia mita 15 hadi 25, kwa hiyo sehemu ya juu ya mnara huota juu ya vilele vya miti na kuonekana kutoka mbali. Tena saipresi iliyokaa nje miaka mingi hugeuka kijivu, rangi ambayo haifanani hata kidogo na gome la mgunga.

Hata hivyo, yeyote anayeutazama mnara huo hukubali kwamba haulipigii kelele ziwa, na hapo ndipo swali la kiufundi linapoanza, kwa sababu ikiwa si urefu wala rangi inayouunganisha na mazingira, basi ni kitu kingine. Jibu limo katika mgawanyiko wa kivuli. Ukuta wa lipu uliopakwa rangi huurudisha mwanga wa jua kama bamba moja kubwa, na jicho, ambalo halikuti bamba la namna hiyo popote porini, hulitambua papo hapo kuwa ni kazi ya binadamu. Ukuta wa mbao zilizopandishwa wima, kinyume chake, huukata mwanga kuwa michirizi mamia kwa mamia, kila ubao ukiwa na ukingo unaong'aa na ukingo wenye giza, nayo michirizi hiyo hubadilika saa hadi saa kama inavyobadilika kati ya mashina ya miti. Kwa maneno mengine, jengo hujichanganya na msitu kwa kuiga namna msitu unavyouvunja mwanga, wala halihitaji kuiga sura ya mti. Ndiyo maana nyumba iliyopakwa rangi ya majani mabichi bado huonekana kama kontena lililosahaulika, ilhali kibanda cha mbao zilizochakaa hakimsumbui mtu.

Ujuzi huu haukuletwa Bonde la Ufa na wasanifu wa majumba ya kifahari. Katika miji ya Elburgon na Molo, iliyokua pamoja na viwanda vya kupasua mbao pembezoni mwa msitu wa Mau, familia za wafanyakazi wa misitu na za wakulima zimeishi tangu enzi ya ukoloni katika nyumba za mabanzi, yaani vile vipande vya kwanza vinavyoondolewa ubavuni mwa gogo ili libaki mraba, vyenye upande mmoja bapa na upande wa pili wenye mviringo na gome lake. Mabanzi yalikuwa nafuu kwa sababu kiwanda hakikuwa na kazi nayo, na fundi aliyeyanunua kwa lori alilazimika kutatua tatizo ambalo kiwanda kilimwachia: hakuna mabanzi mawili yenye upana sawa, wala yenye ukingo ulionyooka. Suluhisho lake lilikuwa kuyasimamisha wima katika safu mbili, safu ya nje ikifunika nyufa za safu ya ndani. Ukuta huo, ambao wapita njia wengi huuona kuwa ishara ya ufukara, una kila kanuni ambayo msanifu wa leo huiandika katika michoro yake kwa gharama kubwa.

Kanuni ya kwanza inahusu kucheza kwa ubao. Mbao hunyonya na kutoa unyevu kadiri hewa inavyobadilika, na hutanuka au kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu wake, tena mwelekeo unaofuata pete za ukuaji wa mti husinyaa takriban mara mbili ya ule unaozikata pete hizo. Ubao wa sita kwa moja, yaani wenye upana wa inchi 6 na unene wa inchi 1, ukipigiliwa ukutani ukiwa bado mbichi kutoka kwenye msumeno, unaweza kupoteza milimita 5 hivi za upana wake kabla haujatulia. Na hata ukishatulia, hewa kavu ya Januari na Februari na ile ya mvua za Aprili huufanya uendelee kupumua kwa milimita moja au mbili kila mwaka. Kiasi hicho ni kidogo kwa macho, lakini nguvu yake hupasua ubao uliobanwa pande zote mbili kwa misumari.

Kwa hiyo fundi hodari huupigilia kila ubao katikati, au kwa mstari mmoja tu wa misumari, na kuacha kingo zake huru kuteleza chini ya ubao wa jirani. Pale anapotumia ufito mwembamba kufunika ufa kati ya mbao mbili, msumari wa ufito hupita katikati ya ufa na kushika boriti ya nyuma, pasipo kugusa ubao wowote kati ya hizo mbili, kwa kuwa msumari unaoshika mbao mbili kwa pamoja huzifanya zigombane hadi moja ipasuke. Ufito huo ndio mchirizi wa kivuli uliozungumziwa awali. Mtazamaji huona mapambo ya mistari. Fundi huona kifuniko cha ufa. Pwani ya Waswahili inajua jambo hili kwa jina lake: katika mlango wa nakshi wa Lamu, Mombasa au Unguja, mfaa, yaani ile nguzo ya katikati inayofunika maungio ya mabawa mawili ya mlango, ndio unaochongwa kwa uangalifu mkubwa kuliko mabawa yenyewe. Nakshi ilikaa mahali ambapo kazi ilikuwa ngumu zaidi.

Kanuni ya pili ni mwanya wa hewa, nayo ndiyo inayopuuzwa zaidi katika nyumba mpya za mjini. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu unaozidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu, ilhali ubao uliokauka vizuri katika hali ya hewa ya Nakuru, jiji lililo katika mwinuko wa mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hubaki katika asilimia 12 au karibu na hapo. Ubao wa nje hautaoza kwa sababu ya kunyeshewa, mradi upate nafasi ya kukauka. Utaoza kwa sababu ya kunyeshewa na kisha kugandamana na ukuta wa mawe unaohifadhi maji. Mwanya wa milimita 20 hadi 40 kati ya vazi na ukuta, ulio wazi chini na juu, huiruhusu hewa iliyopashwa na jua kupanda na kuondoka na unyevu, na maji machache yanayopenya kwenye maungio huteremka nyuma ya ubao hadi chini bila kuugusa ukuta. Ili mwanya huo upatikane, papi, yaani vipande vyembamba vya mbao vinavyobeba vazi, hukazwa ukutani kwanza. Hapa ndipo mtego ulipo: mbao za wima zinahitaji papi za kulala, na papi za kulala huziba njia ya hewa, kwa hiyo ni lazima chini yake zitangulie papi nyingine za wima. Fundi anayeharakishwa huruka hatua hiyo, na hakuna atakayegundua kwa miaka mitatu ya kwanza.

Mguu wa ukuta ni kanuni ya tatu. Ubao hunyonya maji kwa wepesi zaidi kupitia ncha zake, mahali ambapo mishipa ya mti imekatwa wazi, na ubao wa wima huielekeza ncha hiyo moja kwa moja kwenye matone yanayoruka kutoka ardhini. Vazi likiishia sentimita 20 au zaidi juu ya ardhi, juu ya msingi wa mawe, na ncha za chini zikikatwa mshazari ili tone lidondoke badala ya kurudi nyuma, nusu ya matatizo huwa imeisha. Msingi huo ulio wazi una faida ya pili, kwamba mchwa, ambao hupanda wakiwa ndani ya vijia vya udongo, hulazimika kujenga vijia vyao mahali panapoonekana. Wasanifu wanaotaka nyumba ionekane kana kwamba imeota kutoka ardhini huwa wanashawishika kuushusha ubao hadi kwenye nyasi, na hilo ni kosa lisilo na utetezi.

Suala la jua linastahili kuangaliwa kwa undani zaidi, kwa sababu ndilo linaloamua iwapo fito za mapambo, yaani zile mbao nyembamba zinazopangwa kwa nafasi mbele ya dirisha au baraza, zina kazi au ni maonyesho tu. Nakuru iko chini kidogo ya Ikweta, na kwa hiyo jua la saa sita mchana halitoki sana katika utosi: Juni huelekea kaskazini na Desemba kusini, kila mara kwa nyuzi 23 hivi. Kutokana na hesabu hiyo, upenu wa paa uliotokeza mita 1.2 hutosha kuufunika kwa kivuli ukuta mzima wa mita 2.7 upande wa kaskazini au wa kusini katikati ya mchana, hata katika miezi hiyo miwili. Kwa pande hizo mbili, fito hazihitajiki kabisa kwa ajili ya jua. Upande wa magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na nusu hivi alasiri, mwezi wa Machi au Septemba, jua huwa limeshuka hadi nyuzi 30 hivi juu ya upeo, na upenu uleule hufunika sentimita 70 tu za sehemu ya juu ya ukuta, huku sehemu iliyobaki ikioka.

Mtindo ulioenea katika majarida ya usanifu ya Ulaya ni fito za wima zilizosimama kama meno ya kitana, zikitokeza moja kwa moja kutoka ukutani. Katika nchi za kaskazini, ambako jua huzunguka likiwa chini na kuupiga ukuta kutoka ubavuni, fito hizo hufanya kazi nzuri. Karibu na Ikweta, siku za Machi na Septemba, jua hushuka likiwa limenyooka magharibi alasiri yote, na miale yake hupenya katikati ya fito za namna hiyo kama mtu apitaye kwenye mlango ulio wazi. Mbunifu aliyezinakili bila kuhesabu amenunua mbao nyingi kwa kivuli cha miezi michache. Fito za kulala zina akili zaidi kwa jua la Nakuru: nafasi kati ya fito na fito ikiwa nusu ya kina cha ufito, miale yote iliyo juu ya nyuzi 26 huzuiwa, na hivyo, katika miezi hiyo, jua halipenyi hadi karibu saa kumi na moja kasorobo. Lakini ufito wa kulala hushika maji mgongoni, jambo ambalo ubao wa wima hauna, kwa hiyo mgongo wake sharti ukatwe mteremko na upenu uwe mpana juu yake. Njia ya tatu ni kuzisimamisha fito wima lakini kuzigeuza mshazari, zikilipa kisogo jua la magharibi na kufungua macho upande mmoja, tuseme kuelekea ziwani. Mpangilio huo wa mshazari ndio unaozipa baadhi ya nyumba sura ya kuvutia inayobadilika kadiri mtu anavyotembea mbele yake, na sababu yake si ubunifu wa sanaa bali ni njia ya jua.

Kuhusu rangi, ubishi ni mkubwa kuliko inavyostahili. Miale ya urujuanimno, ambayo ni mikali zaidi katika nchi zilizoinuka na zilizo karibu na Ikweta, huivunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, na mvua huiosha, zikabaki nyuzi za kijivu chenye kung'aa kama fedha iliyochakaa. Uharibifu huo ni wa juujuu mno. Vipimo vya nchi za baridi huonyesha kwamba mbao laini zilizoachwa wazi hupoteza takriban milimita 6 katika miaka 100, na hata kama kasi ya Bonde la Ufa ikiwa maradufu, ubao wa inchi moja hauna la kuogopa. Vanishi, yaani rangi angavu yenye kung'aa, huupitisha mwanga hadi kwenye mbao, mbao huachana na utando wake, utando hupasuka, maji huingia na hayatoki. Nyumba iliyopigwa vanishi ili ibaki na rangi ya asali huwa na madoa ya ukurutu katika miaka miwili au mitatu, na mwenyewe hujikuta akikwangua kwa msasa kila baada ya msimu. Oili chafu ya magari, ambayo mafundi wengi huipaka kwa sababu haina gharama na mchwa huichukia, hubeba metali zenye sumu ambazo mvua huzisafirisha, na kuitumia kandokando ya Ziwa Naivasha, lililotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1995 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, ni uzembe. Kwingineko duniani watu walitumia lami ya misonobari, kama katika kanisa la mbao la Borgund nchini Norwei lililosimama tangu karne ya 12, au waliuchoma uso wa ubao hadi ukawa mkaa mwembamba, kama wafanyavyo Wajapani. Lakini katika Bonde la Ufa njia nyepesi kuliko zote ni kuuacha ubao ugeuke kijivu kama mwenyewe unavyotaka.

Moto unahitaji maneno machache tu: mwanya wa hewa unaokausha vazi ndio huohuo unaoweza kugeuka bomba la moshi, kwa hiyo katika nyumba ya ghorofa ni lazima ukatwe kwa kizuizi kisichowaka katika kila ghorofa.

Limebaki suala la mbao zenyewe. Mtarakwa, ule mwerezi wa Afrika unaoota kwa asili katika misitu mikavu ya nyanda za juu, ndio uliotoa vigae vya mbao vya kuezekea nyumba za zamani za Molo na Njoro pamoja na nguzo za ua ambazo bado zimesimama mashambani, kwa kuwa kiini chake kina mafuta ambayo mchwa na kuvu hawayawezi. Lakini mtarakwa hukua polepole, na misitu iliyobaki ni michache mno kuigeuza mapambo ya ukuta. Saipresi hukomaa kwa miaka 25 hadi 30, hupandwa mashambani, na kiini chake hustahimili kiasi. Sehemu yake ya nje, iliyo nyeupe zaidi, haistahimili, na humpasa mnunuzi aikatae au aitibu kwa chumvi za boroni pale ambapo mvua haiipigi moja kwa moja. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya serikali, iliyoanza Februari 2018 na kuondolewa kwa tangazo la Rais lililotolewa Molo mwezi Julai 2023, iliwafundisha mafundi wa Nakuru kutegemea mbao za mashamba ya watu binafsi na zile za kutoka Tanzania, na pia iliwafundisha wanunuzi kukubali mbao changa na mbichi, mazoea ambayo marufuku ilipokwisha hayakuisha nayo.

Anayejengewa nyumba ya namna hii afike kwenye ujenzi siku moja kabla ya ubao wa kwanza kupigiliwa, aangalie papi zimewekwa kwa mpangilio gani, aingize vidole kwenye mwanya, na apime umbali kati ya ardhi na mahali ubao utakapoishia. Baada ya siku hiyo, vazi likishafungwa, hakuna atakayeyaona mambo hayo tena mpaka mbao zing'olewe.